Pigo Moja

Bi Mwamvita wa Mwananyamala hasemi umeme ulikatika.
Anasema ulikonyeza.
"Nimelipa, namba nimeingiza, uniti zimesoma,
halafu ukanikonyeza kama mhuni,
na friza langu likazima moja kwa moja."
Ndani ya friza: pakiti sitini na tatu za barafu ya ukwaju.

Sisi tuko Sinza, ghorofa ya tatu, juu ya duka la matairi,
mimi na Kisanga, na mita yake iko wazi mezani
kama redio kwa fundi.
Tunasoma kumbukumbu:
salio limegusa sifuri, 19:42:07.
Malipo yameingia, 19:42:07.
Sekunde moja, wageni wawili, mlango mmoja.

Mita inasema kumi na tisa.
Kisanga anasoma kwa sauti: saa moja na dakika arobaini na mbili usiku.
Hakusimama kuhesabu. Nani hapa mjini husimama kuhesabu?
Tangu darasa la pili tunatoa sita
na hatujawahi kuchelewa kwa sababu ya kutoa.
Nikamwambia, rudia.
Akarudia.
Hapo, nikasema. Hapo ndipo mita yetu inaposhindwa.

Maana malipo yalipita mikono minne njiani:
mmoja unasoma namba, mmoja unafuta nafasi,
mmoja unageuza shilingi kuwa uniti,
na mmoja, niliouandika mwenyewe, Februari, nikiwa na homa,
haufanyi lolote. Unapokea kitu, unatoa kitu kilekile.
Niliuacha kama mtu anavyoacha kiti kitupu kwa atakayekuja.
Na maktaba ya msimbo tuliyoazima
inautoza pigo moja la saa.

Meza hiyo unaijua.
Ulipeleka barua ofisi fulani, ukaambiwa njoo kesho,
ikalala mbele ya mtu asiyeifungua,
ikatoka vilevile, haina muhuri wala doa,
ila imekuwa barua ya jana.

Ndani ya pigo hilo moja
Bi Mwamvita alikuwa mtu ambaye hajalipa.

Nikabandika ukutani, juu ya kalenda ya matairi:

    Jambo lisilo na kazi, lipite bila kukawa,
    Liingie kwa uwazi, litoke lilivyokuwa,
    Halidaiwi malazi, wala chai ya kupewa,
    Saa ile ya kuzawa, ndiyo saa ya kufika.

Kisanga akahesabu mizani kwa vidole, akaridhika,
kisha akauliza swali baya:
"Vikifika pamoja kweli, pigo lilelile,
nani atangulie?"

Sheria ikanyamaza.
Ukiunga mikondo mitatu, inadai
mabano yakae kushoto au kulia, jibu lisibadilike.
Lakini nani apishe nani mlangoni, haisemi.
Tukabishana mpaka chipsi zikapoa.
Tukaandika: malipo kwanza.
Hiyo si hesabu. Ni haya tu.

Usiku ule tukaijaribu mara elfu kumi.
Taa ndogo ya mezani haikupepesa hata mara moja,
nasi tuliikodolea macho mpaka yakatutoka machozi.

Saa mbili asubuhi nikampigia.
Nikaeleza pigo, nikaeleza mkono usiofanya kazi.
Alisikiliza vizuri kuliko bosi wetu.
"Kwa hiyo nilikuwa nimelipa."
Ulikuwa umelipa.
"Saa ileile."
Saa ileile.
"Basi nirudishieni barafu yangu."

Hiyo sheria hatuna.
Nikaishika simu, nikimtazama Kisanga,
ambaye tayari alikuwa amegeuza risiti ya chipsi
anaandika nyuma yake, polepole:
sitini na tatu, mara mia mbili.